Tukibishana kuhusu serikali kubwa na serikali ndogo, tunabishana kuhusu nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefuatilia mijadala ya itikadi kwa muda mrefu na karibu yote huishia pale pale. Mmoja akisema serikali ipunguze mkono wake kwenye uchumi, anaitwa wakala wa mabepari. Mwingine akisema serikali igharamie matibabu, anaambiwa ahamie Korea Kaskazini. Kurasa zinapita, kila mtu anaondoka na kile alichokuja nacho. Inaniuma, kwa sababu mada hii inagusa maisha ya kila mtu: nani akulipie ukiugua, nani akulinde, nani akuzuie, na nani amzuie huyo anayekuzuia.

Naona tunakwama kwenye swali lenyewe. Tunaulizana serikali iwe kubwa au ndogo, kana kwamba ina kipimo kimoja tu. Ukweli ni kwamba serikali hufanya kazi tatu tofauti. Kuna kulipia jambo kwa fedha za kodi. Kuna kuliendesha jambo, kwa majengo yake na waajiriwa wake. Na kuna kulisimamia: kuweka kanuni, kukagua, kuadhibu anayezivunja, huku watu wengine wakiendesha na pengine wengine kabisa wakilipa. Mtu anaweza kutaka ya kwanza bila ya pili, au ya tatu bila ya kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia yeye ni mrengo wa kushoto au wa kulia, bado sijajua anataka nini.

Tazameni matibabu. Uingereza, tangu 1948, serikali inalipa kwa kodi na hospitali nyingi ni mali ya umma. Kanada serikali inalipa pia, lakini madaktari wengi ni watu wanaojitegemea wanaoidai serikali malipo ya kazi waliyofanya. Ujerumani kuna mifuko ya bima inayochangiwa na mwajiri na mfanyakazi. Serikali inalazimisha uanachama na kuweka kanuni. Uswisi, tangu 1996, kila mkazi anatakiwa kununua bima kwa kampuni. Kampuni haina ruhusa ya kumkataa mtu kwenye bima ya msingi, hairuhusiwi kutengeneza faida kwenye bima hiyo ya msingi, na asiyemudu malipo hupewa ruzuku. Nchi zote nne zimefikisha matibabu kwa karibu kila mkazi, kwa njia nne zisizofanana. Sasa nani kati yao ni mjamaa na nani ni bepari? Nikimjibu mtu swali hilo nitakuwa nimempa jina tu, wala sijamweleza chochote kuhusu hospitali.

Na huo mfumo wa Ujerumani haukuletwa na wajamaa. Uliletwa na Otto von Bismarck, mhafidhina aliyepitisha mwaka 1878 sheria za kupiga marufuku vyama na magazeti ya wasoshalisti. Bima ya ugonjwa ilikuja 1883, bima ya ajali kazini 1884, pensheni ya uzee na ulemavu 1889. Alitaka wafanyakazi wajione wana deni kwa dola badala ya kuwafuata wapinzani wake. Yaani jambo ambalo leo linahesabiwa kuwa la kushoto lilianzishwa na mtu wa kulia ili kuidhoofisha kushoto.

Ukishaanza kutafuta mifano hii hukomi. Rais Richard Nixon wa Marekani, wa chama cha kulia cha Republican, alianzisha wakala wa serikali wa kulinda mazingira mwaka 1970, na 1971 akazuia bei na mishahara kupanda kwa amri. Rais Jimmy Carter, wa chama pinzani cha Democrat kinachohesabiwa kuwa cha kushoto, ndiye aliyetia saini sheria ya 1978 ya kuondoa udhibiti wa serikali kwenye nauli na njia za ndege. Mwaka 2008 serikali ya George W. Bush, iliyokuwa ikihubiri soko huria, ilipata idhini ya dola bilioni 700 kuokoa mfumo wa fedha. Sweden, ambayo wengi humu huitaja kama mfano wa ujamaa uliofanikiwa, haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Vyama vya wafanyakazi na waajiri hukubaliana wenyewe. Sweden hiyo hiyo ilifuta kodi ya urithi mwaka 2004, chini ya serikali ya chama cha kushoto cha Social Democrats. Na Singapore, inayotajwa na wapenda soko kwa sababu ya kodi zake ndogo, serikali yake inamiliki sehemu kubwa mno ya ardhi, na takribani wakazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na bodi ya umma iliyoundwa mwaka 1960.

Sisemi itikadi hazina maana. Zina maana kubwa, ila naona maana yake iko kwenye kile ambacho kila moja inakiogopa zaidi. Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651, Uingereza ikiwa imetoka kumwagana damu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliogopa vurugu, akaona bora dola yenye nguvu zote kuliko kukosa dola. John Locke, katika karne hiyo hiyo, alimwogopa mtawala, akasema serikali ipo kulinda uhai, uhuru na mali, na ikigeuka kuwa mvamizi wa hivyo wananchi wana haki ya kuiondoa. Edmund Burke aliyatazama mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 akaogopa haraka ya watu wanaobomoa kwa siku chache kilichojengwa kwa vizazi. Karl Marx alimwogopa mwenye mali, akaiona dola kuwa chombo cha tabaka linalotawala. Mikhail Bakunin aliungana na Marx juu ya mabepari lakini akaiogopa dola yenyewe, hata ikishikwa na wafanyakazi, na ugomvi huo ukamfanya afukuzwe kwenye umoja wa kimataifa wa wafanyakazi mwaka 1872.

Hofu zote hizo ni za kweli. Historia imezithibitisha moja baada ya nyingine. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia moja tu inatosha.

Naomba tujadili kwa utaratibu huu: mtu akisema serikali iingie au itoke, ataje ni kwenye sekta ipi na kwa kazi ipi kati ya hizo tatu. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila naomba nitofautiane nawe kwenye mzizi. Umeliruka suala la maarifa.

Mchumi Friedrich Hayek alilieleza mwaka 1945. Taarifa zinazohitajika kuendesha uchumi zimetawanyika kwa mamilioni ya watu. Kila mmoja anajua kidogo kuhusu mahali alipo na kazi anayoifanya. Hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya zote. Bei ndiyo inayozibeba: kitu kikiadimika bei inapanda, na watu wanabana matumizi au wanatafuta mbadala bila kuamriwa na mtu. Ukiifuta bei, unapanga gizani. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na kamati kuu ya mipango tangu 1921, yenye wataalamu wasomi kabisa, na bado maduka yalikosa bidhaa za kawaida hadi dola lenyewe likavunjika 1991.

China ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya 1958 na 1962 makamishna wa chini walipeleka juu takwimu za mavuno zilizotiwa chumvi kwa sababu ya hofu, serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo, na mamilioni kwa makumi wakafa kwa njaa. Halafu mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang waliweka saini mkataba wa siri wa kugawana mashamba ya pamoja, kila kaya ilime sehemu yake na kubaki na ziada. Walijua wanaweza kufungwa. Mavuno yakapanda kwa kiasi ambacho viongozi walishindwa kukipuuza.

Na huo mgawanyo wako wa kazi tatu ni mzuri kwenye karatasi. Anayelipa humwamuru anayeendesha. Leo serikali inalipa tu, kesho inaweka masharti, keshokutwa inateua wakurugenzi. Hata kwenye kusimamia, mchumi George Stigler alionyesha mwaka 1971 kwamba mara nyingi kanuni huishia kuwatumikia wale wale waliotakiwa kudhibitiwa, maana wao wana wakati, fedha na wanasheria wa kuzunguka ofisi za wadhibiti, na mwananchi wa kawaida hana. Kwa hiyo mimi nabaki na swali la zamani. Serikali iwe ndogo.

#3 Mchangiaji

Ndugu yangu wa #2, unaongea kana kwamba nguvu inayomkandamiza mtu inatoka serikalini peke yake.

Kabla ya sheria kuingilia kati, viwanda vya Uingereza viliwatumikisha watoto na wanawake saa nyingi kupita uwezo wa mwili. Ilibidi bunge lipitishe sheria mwaka 1847 kupunguza kazi ya wanawake na vijana hadi saa kumi kwa siku, na wenye viwanda walipinga kwa hoja hiyo hiyo ya uhuru wa mkataba. Mtu mwenye njaa na mwenye kiwanda wakiweka saini karatasi moja, usiniambie wako huru sawasawa.

Halafu tazama madini ya risasi (lead) kwenye petroli. Ilianza kuchanganywa miaka ya 1920 kwa sababu iliwafaa watengenezaji. Inaharibu ubongo wa watoto. Hakuna mzazi duniani aliyeweza kumkinga mwanawe kwa kuchagua petroli nyingine, maana moshi ulitoka kwenye magari ya watu wote. Soko halikuona tatizo hilo kwa sababu aliyeumia hakuwa mnunuzi wala muuzaji. Ni amri za serikali, nchi moja baada ya nyingine, zilizoiondoa, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza ilikuwa Algeria mwaka 2021.

Na usisahau kwamba mtandao huu tunaotumia kubishana ulitokana na mradi wa 1969 uliolipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Serikali ndogo isingeulipia.

#4 Mleta uzi

Nawashukuru nyote wawili. Hii ndiyo aina ya mabishano niliyoitamani. Nitakaa kidogo hapa kwa sababu mmetoa hoja nzito.

Mkuu wa #2, hoja ya maarifa naikubali yote. Ila iangalie inagonga wapi. Inagonga *kuendesha*: kupanga nani azalishe nini, kiasi gani, kwa bei ipi. Haigongi *kulipia*. Serikali ikimpa mtu maskini fedha au hati ya malipo akachague mwenyewe, bei inaendelea kubeba taarifa zake kama kawaida. Hayek huyo huyo aliandika mwaka 1944 kwamba jamii iliyofikia kiwango fulani cha utajiri inaweza kumhakikishia kila mtu kiwango cha chini cha chakula, malazi na mavazi bila kuhatarisha uhuru, na hakupinga serikali kusaidia kupanga bima ya jamii dhidi ya maradhi na ajali. Milton Friedman alipendekeza mwaka 1962 mpango ambao mtu mwenye kipato chini ya kiwango fulani angelipwa na serikali badala ya kutozwa kodi. Hawa ndio vinara wa soko huria. Walipinga mno serikali kuendesha, lakini milango ya kulipia hawakuifunga.

Kuhusu anayelipa kumwamuru anayeendesha: hatari hiyo ipo, sikatai. Lakini si lazima iishe vile ulivyosema. Sweden mwaka 1992 ilianza kumlipia mtoto kwa kodi hata akisoma shule ya binafsi, fedha zikimfuata mwanafunzi. Ililetwa na serikali ya mrengo wa kulia na haikufutwa wajamaa waliporudi madarakani. Malalamiko makubwa ya Waswidi leo kuhusu mpango huo yanatoka upande mwingine kabisa: kwamba kampuni zinapata faida kutokana na fedha ya elimu na kwamba usimamizi umelegea. Yaani walilipa, wakaacha wengine waendeshe, kisha kazi ya tatu ikawaponyoka.

Na hoja ya Stigler, ya mdhibiti kutekwa na anayemdhibiti, mimi naitumia kuthibitisha mgawanyo wangu. Serikali ikiwa mmiliki, mwendeshaji na mkaguzi kwa wakati mmoja, mdhibiti hahitaji kutekwa na mtu, kwa sababu anajikagua mwenyewe. Kumbukeni Chernobyl, 1986. Kinu cha nyuklia cha Umoja wa Kisovyeti kililipuka: kinu cha serikali, kilichosanifiwa na taasisi za serikali, kikikaguliwa na serikali. Kasoro za usanifu zilikuwa zinajulikana kwa baadhi ya wataalamu, na waendeshaji wa zamu hawakuelezwa. Nani angewaumbua? Hapakuwa na mtu nje ya mnyororo huo mwenye mamlaka ya kusema simamisheni.

Ndugu wa #3, kuhusu risasi uko sahihi kabisa, na huo ni mfano bora kuliko wowote niliokuwa nao. Madhara yanapomwangukia mtu ambaye hayumo kwenye biashara, hakuna namna ya kuyazuia bila kanuni. Lakini angalia tena mfano wako. Kazi iliyohitajika ilikuwa kusimamia peke yake. Hakuna aliyelazimika kutaifisha visima wala viwanda vya kusafisha mafuta. Na hiyo Algeria iliyochelewa kuliko zote, mafuta yake yako chini ya kampuni ya umma. Umiliki wa serikali haukuharakisha chochote. Ningependa watu wa kushoto walitafakari hili kwa dhati: mara nyingi mnataka matokeo ambayo mdhibiti mwenye meno angeyaleta, halafu mnadai umiliki, ambao unamng'oa meno huyo huyo mdhibiti.

Kuhusu saa za kazi, sina la kupinga. Uhuru wa mkataba una maana pale ambapo mtu anaweza kusema hapana na bado akaishi.

#5 Mchangiaji

Wakuu wote mmezama kwenye uchumi. Mimi nauliza: kuna serikali inaacha soko huru kabisa lakini ukifungua mdomo unapotea. Hiyo ni kubwa au ndogo?

#6 Mleta uzi

Swali fupi, na limegusa pengo kwenye maelezo ya mwanzo.

Chile ndiyo mfano unaofaa. Jeshi likiongozwa na Augusto Pinochet lilipindua serikali ya Salvador Allende mwaka 1973. Wachumi waliosomea Chuo Kikuu cha Chicago wakapewa nafasi ya kubinafsisha, kufungua biashara na kupunguza matumizi ya serikali. Ukipima kwa vitabu vya uchumi, serikali ilikuwa inapungua. Wakati huo huo maelfu ya watu waliuawa au kupotezwa, na makumi ya maelfu waliteswa. Dola iliyodai haiwezi kuendesha kiwanda ilijiona inaweza kuingia nyumbani kwa mtu usiku na kumchukua.

Na kuna jambo moja kuhusu Chile ambalo kila mpenda mageuzi ya amri anatakiwa kulijua. Mwaka 1981 pensheni zilihamishiwa kwenye akaunti binafsi zinazosimamiwa na kampuni. Wafanyakazi wapya wote waliingizwa humo kwa lazima. Walioachwa nje ya mfumo huo mpya ni wanajeshi na polisi, waliobaki na mfumo wao wa zamani. Walioandika kanuni hawakuitaka kwao. Palipo na bunge huru na magazeti huru, swali la "kwa nini ninyi hapana?" lingeulizwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo naongeza swali la nne juu ya zile kazi tatu: *nani anaweza kuizuia serikali hiyo?* Mahakama, bunge, magazeti, uchaguzi ambao aliye madarakani anaweza kushindwa. Mchumi Amartya Sen alionyesha kwamba njaa kubwa za kuua watu kwa wingi hazijatokea kwenye nchi yenye demokrasia inayofanya kazi na vyombo huru vya habari. Sababu inaeleweka. Habari za njaa zinafika mapema, na kiongozi anajua ataadhibiwa kwenye sanduku la kura. Mkuu wa #2 alipotaja China ya 1958 hadi 1962 alisema kosa ni kupanga uchumi. Ni kweli, lakini nusu ya kosa ni kwamba aliyesema ukweli aliadhibiwa na aliyedanganya alipandishwa cheo. Mipango mibaya ipo kila mahali. Kilichoifanya ile iendelee kwa miaka ni kukosekana kwa mtu wa kuisimamisha.

Kwangu swali hili la nne linatangulia yale mengine. Niko tayari kuishi chini ya serikali inayotoza kodi nyingi kuliko ninavyopenda, iwapo naweza kuiondoa. Siko tayari kuishi chini ya serikali inayotoza kidogo ambayo haiondoki.

#7 Mchangiaji

Naandika kama mhafidhina na sioni haya. Mnazungumza kana kwamba duniani kuna vitu viwili tu, serikali na soko. Watu waliishi pamoja, wakazikana, wakatunzana wagonjwa na kugawana malisho karne nyingi kabla ya wizara.

Elinor Ostrom alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba jamii zinaweza kutunza mali ya pamoja bila kuibinafsisha na bila kuikabidhi kwa dola. Mojawapo ya mifano yake ni kijiji cha Törbel huko Uswisi. Kanuni yao iliyoandikwa mwaka 1517 ilisema hakuna mwanakijiji atakayepeleka ng'ombe wengi kwenye malisho ya mlimani kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Sentensi moja, na malisho yakadumu kwa karne nyingi. Siri ni kwamba waliotunga kanuni ndio waliolazimika kuifuata, na walijuana.

Uingereza kabla ya sheria ya bima ya taifa ya 1911 mamilioni ya wafanyakazi walikuwa tayari kwenye vyama vyao vya kuchangiana maradhi na mazishi. Walijiendeshea wenyewe. Serikali iliposogea, vyama hivyo vilipewa kwanza nafasi ndani ya mpango, baadaye vikafifia. Tulipata uhakika wa malipo, sikatai. Tulichopoteza ni watu kujua kwamba wanawajibika kwa wenzao. Mleta uzi, hiyo unaiweka wapi kwenye kazi zako tatu?

#8 Mleta uzi

Naiweka kwenye kuendesha, na nakushukuru kwa kuileta. Nilipotaja wanaoendesha nilifikiria serikali na kampuni, na watu wengi hufanya hivyo. Vyama vya ushirika, vikundi vya kuchangiana, mashirika ya dini yenye hospitali, wote ni waendeshaji, na mara nyingi ni bora kuliko wote wawili kwa sababu hiyo uliyoitaja: wanajuana.

Ila nakuomba ukubali mipaka yake. Törbel walifanikiwa kwa sababu malisho yalionekana kwa macho na mgeni alijulikana ni mgeni. Moshi wa risasi wa #3 hauna kijiji. Na vile vyama vya kuchangiana vilimwacha nje yule ambaye hakuwa na cha kuchangia: kibarua asiye na kazi ya kudumu, mjane, aliyezaliwa na ugonjwa. Jamii inayojuana ina upole mkubwa kwa walio wake, na inaweza kuwa na ukatili mkubwa kwa aliyekataa kufanana nao. Mtu huyo anahitaji sheria iliyo juu ya kijiji.

#9 Mchangiaji

Mifano mingi ni ya nchi tajiri. Nchi ambayo serikali yake haikusanyi kodi ya maana, mgawanyo huu unaisaidia nini?

#10 Mleta uzi

Unaisaidia kuliko nchi tajiri, naamini hivyo kabisa. Ufaransa hutumia zaidi ya nusu ya pato la taifa kupitia serikali. Ikikosea kwenye sekta moja ina uwezo wa kurekebisha. Nchi nyingi maskini hukusanya kodi chini ya asilimia 15 ya pato lao. Serikali ya namna hiyo ikijaribu kulipa, kuendesha na kusimamia kila kitu, inafanya yote nusu nusu.

Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 ni funzo la haki kwa pande zote. Kazi ya kuhamasisha umma iliiweza: elimu ya watu wazima ilipunguza sana idadi ya wasiojua kusoma, na shule za msingi zilienea. Kazi ya kuendesha mamia ya mashirika, kuanzia mabenki hadi viwanda, ilihitaji mameneja na fedha ambazo hazikuwepo. Kenya nayo ilitoa waraka wake mwaka 1965 wenye jina la ujamaa wa Kiafrika, ilhali ndani uliruhusu mali binafsi na mitaji ya kigeni. Neno lilikuwa moja kwenye nchi zote mbili, na uchumi ulikwenda njia mbili.

Mimi ningeanza na kusimamia: mahakama inayotekeleza mikataba, mkaguzi wa dawa, takwimu zinazoaminika. Halafu kulipia machache ambayo yasipolipiwa na umma hayafanyiki kabisa, kama chanjo. Ndui ilitokomezwa duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980, kwa sababu umma ulilipa na kila mtu akachanjwa au kuzungukwa na waliochanjwa. Kuendesha ningekuweka mwisho, na pale tu ambapo hakuna mwingine.

#11 Mchangiaji (wa #2)

Mleta uzi, umenisogeza kidogo lakini nina mtihani. Maji. Bomba ni moja, huwezi kuwa na mabomba matano mtaani yanayoshindana. Hapo soko langu halina ushindani na serikali yako haina ufanisi. Gawa kazi tatu.

#12 Mleta uzi

Sawa. England na Wales waliuza kampuni za maji mwaka 1989, mabomba na yote, wakaunda mdhibiti. Kampuni zilianza zikiwa zimefutiwa madeni. Leo zimebeba makumi ya mabilioni ya pauni, huku hasira ya umma ikiwa juu ya maji taka yanayomwagwa mitoni. Uskoti ilibakiza maji yake mikononi mwa umma. Paris ilirudisha huduma yake ya maji kwa jiji mwaka 2010 baada ya miaka ya kampuni binafsi. Uholanzi ndiyo inayonivutia zaidi: tangu 2004 sheria inakataza kampuni binafsi kuendesha usambazaji wa maji ya kunywa, lakini waendeshaji karibu wote ni kampuni za hisa, zenye hesabu na wakurugenzi kama kampuni yoyote, na hisa zote zinamilikiwa na manispaa na mikoa.

Kwa hiyo jibu langu kwenye maji ni hili. Bomba liwe la umma, kwa sababu anayelimiliki ana watu wote mkononi. Liendeshwe na chombo chenye hesabu zake, kisichoazima fedha ya bajeti wala kuazimwa na wanasiasa. Mtumiaji alipe kadiri anavyotumia, ili bei ibebe zile taarifa zako za Hayek, na asiyemudu apewe ruzuku ya moja kwa moja badala ya maji kuwa rahisi kwa wote, wakiwemo wenye mabwawa ya kuogelea. Mkaguzi wa ubora asiwe chini ya wizara inayomiliki bomba, na vipimo vyake vitangazwe hadharani kila mwezi.

Ukikataa, nitajie unakataa kipengele kipi kati ya hivyo vinne. Mimi najua kipengele changu dhaifu ni cha pili, maana wanasiasa huazima hata palipoandikwa wasiazime, na hapo ningependa kusikia wewe ungeweka kizuizi gani.